Jangwa la El Alamein juu ya meza ya chakula

Ukitoka mji wa Alexandria, kaskazini mwa Misri, na kuifuata barabara ya pwani kuelekea magharibi, baada ya kilomita mia moja na kidogo hivi utafika mahali paitwapo El Alamein. Usitarajie, msomaji, kuyaona yale milima ya mchanga wa manjano yanayopanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Hayo yako mbali sana, kusini na magharibi. Hapa utakuta nchi tambarare iliyojaa mawe madogo, yenye rangi kama unga wa wimbi uliochanganywa na majivu. Vichaka vyake ni vya miiba, vifupi, havifiki hata magotini. Kuna matuta ya ardhi yaliyo chini kiasi kwamba unaweza kulipita moja kwa gari bila kujua kuwa umelipita. Upande wa kulia ni bahari ya Mediterania, buluu kabisa, na ufuo wake ni mweupe kama chumvi. Katika miaka ya karibuni maghorofa marefu ya mji mpya yameinuka kando ya ufuo huo, lakini ukiyapa mgongo na kutazama kusini, nchi ni ile ile.

Katika nchi hii ndipo majeshi mawili yalipokabana mwaka wa 1942. Mjerumani Erwin Rommel, pamoja na washirika wake Waitaliano, alikuwa ameiteka Tobruk, nchini Libya, tarehe 21 Juni, na sasa alikuwa anaikodolea macho Cairo na Mfereji wa Suez. Waingereza walijichimbia hapa kwa sababu moja ya jiografia ambayo kila mwanafunzi anaweza kuiona kwenye ramani: kaskazini pana bahari, na kilomita 65 hivi kusini pana bonde la Qattara, shimo kubwa la chumvi na matope ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko mita 133 chini ya usawa wa bahari. Kifaru hakiwezi kupita huko kwa urahisi. Kwa hivyo hapa, tofauti na mahali pengine pote katika jangwa hilo, hakukuwa na njia ya kuzunguka. Usiku wa tarehe 23 Oktoba, jeshi la Bernard Montgomery lilifyatua mizinga karibu 900, na vita vikaendelea hadi mapema Novemba, Rommel aliporudi nyuma.

Hayo utayasoma katika kitabu chochote cha historia. Jambo ambalo huenda hujalisikia ni kwamba vita hivyo vinapiganwa hadi leo, hasa nchini Uingereza, juu ya meza za chakula na katika kumbi za mitaa, na wapiganaji wake wana urefu wa sentimita mbili na nusu.

Naam, ni vijiaskari vya plastiki na vya madini. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, huvinunua vikiwa vitupu bila rangi, huvikata, huviunga upya, huvipaka rangi kimoja kimoja, kisha huvipanga juu ya meza iliyotandazwa mfano wa jangwa na kucheza vita kwa kutumia dadu na futi kamba. Mchezo una kanuni zake zilizoandikwa vitabuni. Kikosi kinaruhusiwa kusogea inchi kadhaa kwa zamu. Dadu huamua kama risasi imepata au imekosa. Mtu aliyejificha nyuma ya tuta haonekani, basi hapigwi. Mabomu ya ardhini huandikwa kwenye karatasi ya siri, na mpinzani huyajua pale tu kifaru chake kinapoyakanyaga.

Mchezo huu si wa jana. Mwandishi H. G. Wells, yule wa hadithi za safari za wakati na uvamizi kutoka sayari ya Mars, alichapisha kitabu cha kanuni zake mwaka wa 1913 kiitwacho Little Wars. Mizinga yake ilikuwa midogo, ya kuchezea, na ilirusha vijiti vya mbao. Mwaka wa 1962 Donald Featherstone, mtaalamu wa tiba ya viungo mjini Southampton aliyekuwa amepigana katika kikosi cha vifaru, alitoa kitabu War Games, na hicho ndicho kilichowafungulia wengi mlango. Wakati huo huo kampuni ya Airfix ilikuwa imeanza kuuza vijiaskari vya plastiki laini kwa bei ambayo mtoto wa shule aliweza kuimudu kwa akiba yake. Miongoni mwao walikuwamo askari wa Jeshi la Nane la Uingereza na wale wa Afrika Korps ya Rommel. Ndiyo maana kwa wazee wengi wa Uingereza, jangwa ndilo pambano la kwanza walilolipigana, wakiwa wamelala kifudifudi kwenye zulia.

Kipimo kilichozoeleka ni cha 1 kwa 72, yaani mtu wa kweli amegawanywa mara 72. Hebu fanya hesabu pamoja nami. Ule mstari wa kilomita 65 kutoka baharini hadi Qattara, ukiugawa mara 72, unahitaji meza yenye urefu wa mita 900. Hakuna sebule ya namna hiyo Southampton wala Buru Buru. Kwa hivyo wachezaji huchagua kipembe tu: tuta la Miteiriya, au tuta la Ruweisat, au kijisehemu cha uwanja wa mabomu. Na hapo ndipo safari ya kwenda El Alamein inapokuwa na maana, kwa sababu makosa mengi ya meza hutokana na mtu kulidhania jangwa ambalo hajaliona.

Kosa la kwanza ni rangi ya manjano. Mchezaji mgeni hununua kopo la rangi ya manjano iliyokolea na kupaka ubao wote, na matokeo yake yanafanana na keki ya siku ya kuzaliwa. Ardhi ya El Alamein, kama nilivyosema, ni ya kijivu na hudhurungi. Anayejua kazi hupaka ubao gundi nyeupe ya maseremala, humwagia mchanga uliochungwa, na kabla haujakauka hudondosha vijiwe hapa na pale, vingi zaidi kwenye matuta kuliko bondeni. Kisha hupaka rangi ya udongo iliyokolea. Ikikauka, huchukua brashi pana, huichovya katika rangi nyepesi zaidi, huipangusa kwenye gazeti mpaka ibaki karibu kavu, halafu huipitisha juu juu. Rangi hiyo hushika vichwa vya mawe tu. Ni kazi ya dakika kumi, na ubao hugeuka kuwa nchi.

Kosa la pili ni nguo. Katika maduka utaambiwa kwamba Mwingereza wa jangwani alivaa kaki na Mjerumani alivaa kijani cha zeituni. Ni kweli, siku alipopewa sare hizo. Lakini jua la jangwa halina mzaha. Kaki ilipauka ikakaribia kuwa nyeupe, na kijani cha Wajerumani kilififia kwa jua na kufuliwa mpaka kikawa rangi ya vumbi. Katika kundi moja la watu kumi ungeweza kukuta shati jipya, shati la miezi mitatu na shati la mwaka mzima, kila moja na rangi yake. Ukiona vijiaskari ishirini vimevaa kaki ya aina moja, ujue aliyevipaka alikuwa na haraka.

Vifaru navyo vina visa vyao. Magari ya Wajerumani yaliyoteremshwa Tripoli mapema mwaka wa 1941 yalifika yakiwa na rangi ya kijivu ya Ulaya, ikabidi yapakwe rangi ya mchanga juu yake, na mengine yakapakwa matope tu. Mpakaji hodari hulijua hilo. Hupaka kijivu kwanza, kisha rangi ya mchanga, halafu kwa sifongo iliyochanwa huonyesha kijivu kikichungulia pale buti za askari zilipokwangua. Na usicheke ukiona gari la rangi ya waridi. Kikosi cha doria za masafa marefu kilichoanzishwa na Ralph Bagnold mwaka wa 1940 kilipaka baadhi ya magari yake rangi hiyo, kwa kuwa alfajiri na magharibi jangwa lenyewe huwa la waridi.

Sasa tuje kwenye kazi ninayoiona kuwa tamu kuliko zote, nayo ni kubadilisha. Pakiti ya vijiaskari huja na mikao michache tu: mmoja amelala, mmoja anakimbia, mmoja anarusha bomu la mkono. Ukiwa na pakiti tatu una watu wale wale mara tatu. Basi huchukuliwa kisu chembamba chenye makali, kichwa kikakatwa shingoni na kupandikizwa kwenye kiwiliwili kingine. Tobo dogo hutobolewa kwa sindano iliyopashwa moto, kijiwaya kikapitishwa kama uti wa mgongo, tone la gundi likamaliza kazi. Mkono unaweza kukatwa begani na kugeuzwa. Bunduki inaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa sepetu. Kilemba cha Mhindi wa Divisheni ya Nne hutengenezwa kwa ukanda wa karatasi ya shashi uliolowekwa gundi na kuzungushwa kichwani. Aidha, kuna udongo wa viwandani wa aina mbili unaokandwa pamoja ukawa laini kama ubani wa kutafuna, na baada ya saa chache ukawa mgumu kama jiwe. Huo ndio wa kuongezea mabegi, vifundo vya nguo na ukingo wa kofia.

Siri moja usiisahau: plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta, na rangi haishiki mafuta. Vioshe vijiaskari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki wa zamani, uviache vikauke usiku kucha. Kwa plastiki laini, paka kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, la sivyo bunduki ikipinda kidogo tu rangi yote itabanduka kama magamba. Mstahimilivu hula mbivu.

Kinachofurahisha ni kwamba kubadilisha huku kulifanywa na jeshi lenyewe, pale pale El Alamein, kwa ukubwa wa kweli. Kabla ya shambulio la Oktoba 1942, Montgomery alitaka Rommel aamini kwamba pigo lingetoka kusini, ilhali lingetoka kaskazini. Kazi hiyo ilikabidhiwa watu wa ajabu: Geoffrey Barkas, aliyekuwa mtengenezaji wa filamu, pamoja na wachoraji kama Tony Ayrton, Brian Robb na Steven Sykes. Walitengeneza vifuniko vya turubai na mbao zaidi ya 700 vya kuvisha vifaru, ili kutoka angani kila kifaru kionekane lori. Vifaru vilipoondoka kwenda mbele usiku, mahali vilipotoka paliachwa vifaru vya uongo. Madebe ya petroli yalipangwa ndani ya mahandaki ya zamani yaliyojengewa kuta za mawe, ili kivuli kisibadilike katika picha za ndege za adui. Na kusini walichimba mtaro wa bomba la maji ambalo halikuwako. Bomba lenyewe lilikuwa madebe matupu yaliyopondwa na kuunganishwa. Mchana lililazwa kando ya mtaro lionekane. Usiku mtaro ulifukiwa, na madebe yale yale yakasogezwa mbele yakalazwa upya. Kasi ya kazi ilimfanya adui akisie kwamba bomba, na shambulio, vingekuwa tayari Novemba.

Nimetaja debe, na hapa msomaji wa Kenya ana haki ya kusimama kidogo. Debe la jeshi la Waingereza lilikuwa lile lile la galoni nne tunalolijua, la kupimia mahindi na maharagwe sokoni. Lilikuwa la bati jembamba, lilivuja vibaya jangwani, na mafuta mengi yalipotea njiani. Lilifaa zaidi likiwa tupu: askari walilikata nusu, wakatia mchanga na petroli, wakawasha moto wa kuchemshia chai. Wajerumani walikuwa na chombo bora zaidi cha lita 20, kilichoundwa kwao kabla ya vita, chenye mishikio mitatu. Waingereza walivinyang'anya vyombo hivyo kila walipoweza, kisha wakaviiga. Kwa kuwa Mjerumani walimbandika jina la utani Jerry, chombo nacho kikaitwa jerikeni. Kila asubuhi mtu anapobeba jerikeni yake kwenda kwenye mfereji wa maji mtaani, anatamka jina la utani la vita vya jangwani. Katika meza ya mchezo, kifaru kisichofungwa jerikeni na madebe ubavuni huonekana uchi. Hutengenezwa kwa vipande vya plastiki vya milimita chache.

Ila liko jambo katika meza hizi linalonikera, nami sitalificha. Ukitazama majeshi ya jangwani yaliyopakwa rangi, utaona Mwingereza, Mjerumani, Muaustralia na kofia yake pana, mara nyingi Mhindi, mara chache Mwitaliano. Mwafrika haonekani. Na vita hivi vilipiganwa Afrika!

Ni kweli kwamba askari wetu wa Keya hawakuwa mstari wa mbele El Alamein. Jangwa lao lilikuwa jingine: Moyale, walikozingirwa mwaka wa 1940, kisha Somalia na Ethiopia. Majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Kismayu Februari 1941, Mogadishu mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Lakini wako pia vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini katika vikosi vya kazi, wale ambao wazee wa magharibi mwa Kenya waliwaita Panyako. Hawa walichimba, walibeba, walijenga barabara, walipakia na kupakua. Kanuni za mchezo hazina dadu ya sepetu, kwa hivyo mtu wa sepetu hana nafasi mezani, hata kama bila yeye hakuna risasi ambayo ingefika kwenye bunduki. Kuna familia humu nchini zilizobakiwa na nishani iliyofungwa kwenye kitambaa na jina la mahali lisilotamkika vizuri, basi. Mjukuu hajui hata babu alivaa nini.

Kijiaskari kimoja kinaweza kufanya kazi hapo. Askari wa Keya hauzwi katika kila duka, lakini Muaustralia anauzwa. Mwondolee mkunjo wa kofia ubavuni, ukingo uwe sawa pande zote au uinuliwe kidogo tu. Mwachie kaptula na shati la kaki. Picha za Septemba 1941 kutoka Wolchefit, nchini Ethiopia, zinawaonyesha askari wa Keya wakiwa na kofia hizo hizo pana, wakikusanya silaha za Waitaliano waliosalimu amri. Zitumie kama kiongozi. Wale mashujaa watatu wa shaba wa Kenyatta Avenue, Nairobi, ni wa vita vya kwanza vya dunia, usije ukawaiga kwa vita vya pili.

Uso ndio unaowashinda wengi, kwa sababu vitabu vya mafunzo vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, na mpakaji hukimbilia kopo la rangi nyeusi. Nyeusi tupu hufuta uso wote, macho na pua vikapotea. Anza na kahawia iliyokolea sana yenye chembe ya wekundu. Ikikauka, ongeza kahawia ya kawaida na tone la chungwa, uguse kipaji cha uso, daraja la pua, mashavu, vifundo vya vidole na magoti. Mguso wa mwisho, mwepesi zaidi, uwe kwenye ncha ya pua na mdomo wa chini tu. Macho acha, kwa kimo hicho hata ukiyachora yatatokeza kama ya mtu aliyeshtuka. Hakuna watu wawili wenye weusi mmoja, basi badilisha mchanganyiko kwa kila mtu. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kuagiza vya ng'ambo anaweza kujifunzia kwa vile vijiaskari vya kijani vinavyouzwa kwa mfuko katika maduka ya watoto, rangi za maji za shuleni zikichanganywa na gundi kidogo, na vizibo vya soda kwa kusimamia.

Mzazi atauliza, na ana haki: ni vyema kweli kuifanya vita kuwa mchezo? Wells mwenyewe aliandika mwishoni mwa kitabu chake kwamba aliyecheza mara tatu au nne ndipo hutambua vita vya kweli ni jambo la upumbavu kiasi gani. Mwaka uliofuata vita vya kwanza vya dunia vikaanza, kwa hivyo sijui hoja yake ina uzito kiasi gani. Ninachokubali ni kwamba mtu aliyekaa jioni mbili akipaka uso mmoja hamwangushi mtu huyo mezani bila kumtazama.

El Alamein penyewe wamelala kwa maelfu. Makaburi ya Jumuiya ya Madola yana maiti 7,240, na 815 kati yao hawajulikani majina. Lango lake lina kuta zenye majina ya wengine maelfu ambao hawakupata kaburi. Wajerumani wako katika jengo la mawe lenye pembe nane, kama ngome, juu ya kilima kidogo karibu na bahari. Waitaliano wako kwenye mnara mweupe uliobuniwa na Paolo Caccia Dominioni, aliyepigana hapo na kisha akarudi baada ya vita kwa miaka mingi kutafuta mifupa jangwani. Majengo yote matatu yanafikika kwa barabara ile ile ya pwani, na mjini pana makumbusho ya vita yenye vifaru na mizinga nje. Chukua daftari lako na uandike rangi unazoziona, hasa pale rangi ya juu ilipobambuka.

Usiondoke barabarani kufuata tuta la Miteiriya kwa miguu, hata kama ramani yako ya mchezo inakuonyesha liko wapi. Wajerumani na Waitaliano walifukia karibu mabomu nusu milioni mbele ya mstari wao pekee, Waingereza wakafukia yao, na mengi hayajafukuliwa. Kwa miaka mingi tangu 1942 yamewaua na kuwakata miguu Mabedui wanaochunga kondoo katika nchi hiyo. Waelekezi wa huko wanajua njia zilizosafishwa. Watakuomba ukanyage pale wanapokanyaga wao.